Umepandikiza nywele, bia lini? Hesabu ya siku kwa mtu wa Tanga

Tangu nirudi na kichwa chekundu kama nyanya, kijiweni kwetu Ngamiani hakuna aliyeniuliza kama iliuma. Hata bei hawaulizi, na kwa watu wa kwetu hilo ni muujiza. Ninachoulizwa, tena kwa kunong'onezwa baada ya wazee kumaliza kahawa yao na kuondoka, ni kimoja: "Sasa bwana, bia unaruhusiwa lini?" Kila baada ya muda anatokea mwingine anayejiandaa kwenda Uturuki, na swali lake ni lile lile. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, na wewe ukiulizwa na mwenzako mtumie.

Mimi si daktari. Nilipandikizwa, nikakosea, nikaenda kuulizauliza kwa waliosomea, nikaelewa nilipokosea. Karatasi ya kliniki yako ikitaja siku nyingi kuliko zangu, fuata karatasi. Ikitaja chache, shauri yako, lakini mimi ningekaa na hizi zangu.

Jibu la mwenye haraka: siku 7 kabla ya upasuaji, siku 14 baada yake, na hata zikifika 14 usiguse kama bado uko kwenye dozi. Maana yake zipo hesabu mbili, ya kichwa na ya dawa, nazo hazimaliziki siku moja. Unangoja ile inayochelewa. Wengi wanahesabu ya kichwa tu, ndiyo maana wanaingia matatani.

Na wewe usiyekunywa kabisa, usiondoke. Hatua ya 6 inahusu spiriti ya kinyozi, nayo haichagui mnywaji.

Kwa nini pombe hasa

Kwa ufupi tu. Upandikizaji wa siku hizi huchukua vishina vya nywele kimoja kimoja kutoka kisogoni na kuvipanda mbele au utosini. Vikiwa 2,000 au 3,000, una matundu hayo yote nyuma na mengine kama hayo mbele, kila moja halifiki hata upana wa kichwa cha kiberiti. Ni vidonda vidogo, ila ni vingi. Pombe inatanua mishipa ya damu na kuchelewesha damu kuganda. Inakukojoza mpaka mwili unakauka. Inavuruga usingizi wakati ambao mwili unajiunga ukiwa umelala. Inagombana na baadhi ya dawa. Halafu inakusahaulisha kwamba una kichwa kinachotaka kuchungwa kama yai. Hii ya mwisho haimo kwenye karatasi nyingi za kliniki, nami ndiyo niliyoilipia.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Karatasi ya dawa zote ulizopewa, ikionyesha kila moja inaisha lini. Ukipewa vidonge kwenye bahasha zisizo na majina, rudi dirishani uandikiwe. Usione haya.
- Kalenda ya ukutani na kalamu. Simu nayo inafaa, lakini ukutani mke au mama anaona pia, na hapo ndipo faida ilipo.
- Mto wa shingo, ule wa safari, pamoja na mito miwili mitatu ya kuinua mgongo.
- Mashati ya vifungo. Fulana ya kuvaa kwa kichwa iweke kabatini wiki mbili.
- Kofia pana, laini, isiyogusa sehemu iliyopandwa, na uivae tu baada ya kliniki kuruhusu. Kibarakashia kinachobana hapana.
- Maji ya chumvi ya hospitali ya kupulizia, shashi safi, na kipimajoto.
- Maji ya kunywa na madafu. Hapa Tanga hatuna kisingizio.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua siku zako na asiyekuogopa.
- Sentensi ya kuwajibu marafiki. Nitakupa kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 1: Mwambie daktari unakunywa kiasi gani, kwa vipimo

"Nakunywa kidogo" si jibu. Kidogo cha Chumbageni na kidogo cha kitabuni ni vitu viwili. Sema hivi: chupa ngapi, za ukubwa gani, siku ngapi kwa wiki. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi chenyewe. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo kile kichupa cha mililita 200 kina gramu kama 55, karibu sawa na bia tatu za nusu lita. Tembo la mnazi halina lebo: la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na wote tunajua hayo mawili si ndugu.

*Onyo, na hili usilipite.* Kama unakunywa kila siku, asubuhi mkono unatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla peke yako kwa sababu umesoma hapa "siku 7". Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kuingia kwenye degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Mtu wa hali hii apange na daktari kwanza jinsi ya kupunguza, nywele zisubiri. Upara haujawahi kumuua mtu.

Hatua ya 2: Acha siku 7 kabla

Kliniki zinatofautiana, nyingine hutaka siku 3, nyingine wiki. Chukua wiki. Sababu yake utaiona kwenye kiti: kichwa kinachovuja damu sana kinamsumbua anayepanda, kwa kuwa haoni vizuri matundu, na vishina vingine vinasukumwa na damu virudi juu. Kazi ya saa sita inakuwa ya saa nane.

Kosa la kawaida hapa ni sherehe ya kuagwa. Unasafiri kesho, washikaji wanakuandalia kitimoto na kreti. Waambie waiweke kreti mpaka utakaporudi.

Wiki hiyo hiyo usimeze aspirini wala dawa za maumivu jamii ya ibuprofeni na diklofenaki bila kumwambia daktari, nazo zinazuia damu kuganda. Lakini kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako. Uliza.

Hatua ya 3: Siku ya upasuaji mpaka siku ya 3, hata tone

Ganzi ikiisha kichwa kinawaka, hasa kisogo. Unapewa dawa ya maumivu, pengine na ya usingizi. Hizi siku za mwanzo kishina hakijashika. Ukivuta unywele uliopandwa unatoka na shina lake. Kuanzia siku ya 2 uvimbe unaanza kushuka kwenye paji la uso, siku ya 3 au ya 4 unafika machoni. Mimi niliamka nikadhani nimeng'atwa na nyuki. Unaondoka wenyewe ndani ya siku chache, ila pombe na kuinama vinaurefusha. Kwa wanaoswali, mgonjwa ana ruhusa ya kuswali kwa kukaa, na paji lako siku hizo lina udhuru wa kutosha.

Kama ulikwenda nje, mtego wa kwanza uko kwenye ndege. Istanbul mpaka Dar ni kama saa saba angani, hewa ya ndani ni kavu, na mhudumu anapita na kigari akikuuliza kwa upole kama unapenda divai. Ya bure! Omba maji, kisha omba tena. Halafu kuna basi la Dar kuja Tanga, karibu kilomita 350, na kusinzia ukiegemea kioo. Basi likiruka tuta tu, kichwa kimegonga. Kaa kiti cha upande wa njia, vaa mto wa shingo, na mwenye mizigo ya kupakia juu mwangalie kwa jicho kali. Ukiwa umekunywa hata moja hapo stendi, huo uangalifu huna.

Lala chali, mgongo umeinuliwa kama nyuzi 45, usiku minne mitano ya mwanzo. Mlevi halali chali. Mlevi analala anavyoangukia.

Hatua ya 4: Siku ya 4 mpaka ya 10, siku za kujiona umepona

Hizi ndizo mbaya kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo.

Maumivu yamekwisha. Uvimbe unaelekea kuisha. Magaga, yale maganda ya damu iliyoganda juu ya vidonda, yameanza kukauka na kichwa kinawasha. Umechoka kukaa ndani na joto la Tanga, feni inazunguka, watu wanapiga simu. Unajiuliza: bia moja itafanya nini?

Mimi yangu ilikuwa siku ya 6. Jirani anamuoza dada yake, sherehe iko Raskazone, upepo wa bahari unapiga vizuri. Nilikunywa mbili za nusu lita. Mbili tu, sikulewa, hilo naweza kuliapia. Saa nne usiku nikaita bajaji. Kwa kawaida bajaji naingia nimeinama, kila mrefu wa mji huu anajua. Usiku ule niliinama nusu. Chuma cha juu cha mlango kikanikwaruza kuanzia kwenye mstari wa mbele mpaka karibu na utosi. Sikusikia kitu, na hapo ndipo penye hatari: ngozi iliyopandikizwa hukaa na ganzi wiki nyingi, haikupigii kelele. Nilijua nilipofika nyumbani, nikaona tone limeshuka mpaka kwenye nyusi. Asubuhi kwenye taulo la mto nilihesabu nywele saba, kila moja na kijishina cheupe mwishoni, kidogo kuliko punje ya ulezi, na kila moja na damu yake. Leo pale pana uwazi wa ukubwa wa mbaazi. Watu hawauoni. Mimi nauona kila nikinyoa ndevu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama bia mbili ziliua nywele zangu, hapana. Bajaji ndiyo iliyoziua. Lakini bila zile mbili ningeinama.

Fanya hivi siku hizi:

a) Osha kichwa kama ulivyofundishwa, kwa kumwagia taratibu, hakuna kusugua. Magaga hayabanduliwi kwa kucha. Kuyabandua kabla ya siku ya 9 kunaweza kung'oa kishina pamoja nayo. Baada ya hapo vishina huwa vimeshika, na magaga mengi yanatoka yenyewe yakilainishwa, kati ya siku ya 10 na ya 14.

b) Usipande bodaboda. Kofia ngumu ya abiria inabana, inatoa jasho, na imevaliwa na mji mzima. Bila kofia nako ni kuvunja sheria na kutafuta kifo. Tembea, panda daladala ukae, au bajaji ukiwa na akili zako zote.

c) Mialiko ya jioni kataa. Ukilazimika kwenda, nenda mchana, kula, toa mchango wako, ondoka kabla muziki haujapanda.

d) Wakikung'ang'aniza, sema: "Niko kwenye dozi." Basi. Usieleze dozi ya nini. Katika nchi hii hakuna mlevi asiyeheshimu neno dozi, anajua yeye mwenyewe kesho litakuwa lake. Ukisema "nimepandikiza nywele" utasimuliwa meza nzima, na ofa zitakuja za kukupoza.

*Kosa la kawaida:* kuruka dozi ili unywe. Mtu anamwaga kidonge cha jioni, anakunywa bia, kesho anaendelea. Umefanya mabaya mawili kwa pamoja. Kuruka antibayotiki kwa ajili ya bia ni kuvunja ukuta ili upate pa kuchungulia.

Hatua ya 5: Pitia dawa zako moja moja

Chukua ile karatasi.

*Metronidazoli*, yaani Flagyl. Haitolewi sana kwa ajili ya nywele, lakini safari imekuharibu tumbo, ukapita duka la dawa ukanunua mwenyewe, na hukumwambia mtu. Tahadhari ya dawa hii ni kwamba ikikutana na pombe unaweza kupata uso kuwaka, kichefuchefu, kutapika, na moyo kwenda mbio. Ngoja angalau siku 2 baada ya kidonge cha mwisho, maelezo mengine husema 3. Chukua 3.

*Tramadoli na kodeini (dawa kali za maumivu), na vidonge vya usingizi.* Hapa hakuna mjadala. Pamoja na pombe vinapunguza pumzi, na mtu analala asiamke. Siku unayomeza, hunywi.

*Ibuprofeni, diklofenaki, aspirini.* Zinachubua tumbo, pombe inachubua tumbo. Zikikutana unaweza kutapika damu. Ukiongeza na ile ya damu kutoganda, kichwa nacho kinavuja.

*Prednisoloni*, wanayotoa kwa uvimbe kwa siku chache. Nayo haikai vizuri tumboni na pombe. Maliza kwanza.

*Paracetamoli.* Watu wanaiona kama pipi. Kwa dozi ya kawaida na mtu asiye mnywaji mkubwa haina neno, ila kwa anayekunywa sana kila siku ini linabeba mizigo miwili. Na usiimeze usiku baada ya kunywa kwa kuogopa kichwa kuuma asubuhi.

*Amoksilini na jamaa zake.* Hazigombani na pombe kwa namna ya kutisha kama Flagyl, na wajuaji wa kijiweni wanalijua hilo, wanalitumia. Lakini ulipewa ili vidonda 5,000 visiingie usaha. Maliza dozi.

*Finasteridi na minoksidili*, dawa za kutunza nywele zinazotumiwa miezi mingi. Huwezi kuacha pombe kwa ajili yake mwaka mzima na hakuna anayekutaka. Ila kama minoksidili yako ni ya kumeza, ujue ilianza kama dawa ya kushusha presha. Pombe nayo inashusha. Ukisimama ghafla kutoka kwenye kiti unaweza kuona giza na kwenda chini, kichwa mbele. Minoksidili ya kupaka usirudie mpaka kliniki ikuambie, maana nyingi zina alkoholi ndani na zinachoma ngozi mbichi.

Ukimaliza, andika kwenye kalenda tarehe ya kidonge cha mwisho. Ongeza siku 3. Linganisha na siku ya 14. Inayochelewa ndiyo yako.

Hatua ya 6: Pombe isipite kichwani pia

Hii ni kwa wote. Vinyozi wetu wakimaliza kunyoa wanapaka spiriti, tumezoea, tunakunja uso na kusikia tumekuwa safi. Kuna kijana alirudi, akaona magaga, akaona ni uchafu, akachukua pamba na spiriti ya bluu. Alisimulia mwenyewe kwamba aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Spiriti inaunguza na kukausha ngozi changa inayojijenga. Kichwa kinaoshwa kwa maji safi na shampuu laini mliyopewa, hakuna dawa ya kuua wadudu hapo. Manukato nayo pulizia nguoni, mbali na kichwa, ukiwa bado hujaivaa. Na hata mama akikuletea mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe kwa mapenzi yote, yapokee, uyaweke, umwambie mwezi ujao.

Kwa kinyozi usiende bila ruhusa ya kliniki. Mkasi huruhusiwa mapema kuliko mashine, na mashine sehemu iliyopandwa hungoja miezi. Siku ukienda, mwambie kabla hajaanza: "Spiriti hapana." Mwambie tena akimaliza, mkono wake umezoea.

Hatua ya 7: Kinywaji cha kwanza

Siku imefika. Magaga yote yametoka, hakuna wekundu unaoongezeka, hakuna usaha, dozi imekwisha siku 3 zilizopita. Basi hivi:

1. Iwe nyumbani au kwa jirani wa kutembea kwa miguu. Siyo harusini, siyo ufukweni na jua la saa nane.
2. Kula kwanza. Wali na samaki, ugali na mchicha, chochote kizito.
3. Moja. Iwe bia au glasi ndogo ya divai. Pombe kali na tembo kali zisubiri mpaka mwezi uishe. Gongo usirudie, kwa nywele wala bila nywele.
4. Glasi ya maji kwa kila glasi ya kinywaji.
5. Lala kichwa kikiwa juu kidogo.
6. Asubuhi simama kwenye mwanga, piga picha ya mbele na ya kisogo, linganisha na za jana. Kama hakuna wekundu mpya wala vipele, vizuri. Ukiwa na sigara mkononi umeharibu hesabu yote, kwa sababu nikotini inabana mishipa inayopeleka damu kwenye vishina. Kwa nywele sigara naiogopa kuliko hiyo bia, na siku zake za kuacha ni nyingi zaidi.

Bahari nayo wanaiuliza hapo hapo: kuogelea ngoja mwezi, au kliniki inavyosema.

Mambo yakienda kombo

*Nimeshakunywa, ni siku ya 3.* Acha hapo hapo, usiseme "potelea mbali" ukamalizia. Kunywa maji. Usimeze dawa ya maumivu ya jamii ya ibuprofeni wala ya usingizi usiku huo. Antibayotiki endelea kwa saa yake. Kama kati ya dawa zako kuna tramadoli au Flagyl uliyomeza siku hiyo, usilale peke yako, na ukisinzia kupita kawaida au pumzi ikiwa nzito, waliopo wakupeleke hospitali. Asubuhi itumie kliniki picha na uwaambie ukweli. Hawakupigi.

*Damu inatoka sehemu moja.* Kaa, usilale. Shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi, bonyeza taratibu bila kusugua, dakika 10 kamili ukiangalia saa, usichungulie kila dakika. Ikiendelea baada ya mara mbili, nenda hospitali.

*Nimekuta nywele kwenye mto.* Angalia mwisho wake. Unywele na gaga kavu, bila damu, siku ya 10 na kuendelea, ni kawaida. Unywele wenye kishina na damu mbichi siku za mwanzo, hicho kimepotea. Usijaribu kukirudisha. Ndiyo, kuna waliojaribu.

*Macho yamefumba kwa uvimbe siku ya 4.* Lala umeinuliwa, weka kitambaa cha baridi kwenye paji la uso chini ya mstari uliopandwa, barafu isiguse vishina. Ukianza kuona vibaya, au uvimbe uko upande mmoja na unauma na una joto, usisubiri.

*Nina homa.* Tanga ukisema homa kila mtu anasema malaria, na dawa mseto zinaletwa kabla hujakaa. Pima. Lakini mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, kichwa kinauma kwa kugusa, kuna usaha au harufu, aende akaonyeshe kichwa pia, hospitali ya mkoa ya Bombo au iliyo karibu, na aseme alipasuliwa lini. Usifiche chini ya kofia ukatibiwa malaria peke yake.

*Nimeacha pombe siku ya 2, mikono inatetemeka, natokwa jasho, naona vitu.* Hili si la nywele. Hospitali sasa hivi, na wasindikizaji waseme bila aibu kwamba ulikuwa unakunywa kila siku.

*Vipele vidogo vyenye vichwa vyeupe mwezi wa 2 au wa 3.* Mara nyingi ni nywele mpya zinatafuta njia ya kutoka. Usivitumbue. Vikiwa vingi au vinauma, onyesha.

*Wiki ya 4, zote zinanyonyoka! Ni ile bia?* Siyo ile bia. Nywele zilizopandwa hunyonyoka kati ya wiki ya 2 na ya 8 hivi, hata kwa shehe asiyewahi kuonja. Shina linabaki ndani limepumzika. Zinaanza kuchipua mwezi wa 3 au wa 4, nyembamba kama za mtoto, na matokeo kamili hungoja mwaka, kwa wengine hata mwaka na nusu. Usizilinganishe na picha ya wiki ya 2, ile ilikuwa ya kukuonjesha tu. Chukua ya siku moja kabla ya upasuaji, uiweke kando ya ya mwezi wa 6, mwanga ule ule, dirisha lile lile.